Mwongozo wa Kutambua Spishi za Thamnolia kwa Kemia, Mahali na Vinasaba

Kuvumwani, au likeni, ni kiumbe kinachotokana na ushirika wa kuvu na mwani wanaoishi katika mwili mmoja. Miongoni mwa kuvumwani za nchi za baridi, jenasi ya Thamnolia ndiyo iliyo rahisi zaidi kutambuliwa, na wakati huohuo spishi zake ni ngumu mno kutenganishwa kwa macho. Mtu akikuta kwenye tundra, yaani nyika ya baridi isiyo na miti, au juu ya mlima kupita mpaka wa miti, vijiti vyeupe vilivyo wazi ndani, vyenye ncha zilizochongoka na umbo la mnyoo, vimelala juu ya udongo bila kushikamana nao, anaweza kusema bila wasiwasi kuwa ameona Thamnolia. Kazi huanza anapotaka kuandika jina la spishi.

Kwa miongo mingi jibu lilitolewa na kemia peke yake: sampuli yenye asidi thamnoliki iliitwa Thamnolia vermicularis, na yenye asidi skwamatiki na asidi beomisesiki iliitwa Thamnolia subuliformis. Utafiti wa vinasaba umeonyesha kwamba kanuni hiyo haitoshi. Spishi zinazokubalika katika mpangilio wa mwaka 2018 ni tatu, na mpaka kati yake haufuati mpaka wa kemia. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya kazi hiyo leo, tangu kuokota sampuli hadi kuandika jina kwenye lebo, na unasisitiza jambo moja ambalo bado linapuuzwa mara nyingi: kemia na mahali sampuli ilipotoka husomwa pamoja, na pale ambapo viwili hivyo vinaacha shaka, DNA ndiyo inayoamua.

Hatua ya kwanza: fahamu majina na historia yake

Usianze na chupa za kemikali kabla hujajua majina unayochagua kati yake, kwa sababu jina lilelile limebeba maana tofauti katika nyakati tofauti. Olof Swartz wa Sweden alieleza spishi ya kwanza mwaka 1781 kwa jina la Lichen vermicularis, wakati ambapo kuvumwani karibu zote ziliwekwa katika jenasi moja ya Lichen. Mwaka 1850 Ludwig Emanuel Schaerer wa Uswisi aliihamishia katika jenasi ya Thamnolia, na ndiyo maana jina kamili huandikwa Thamnolia vermicularis (Sw.) Schaer., jina la mwandishi wa kwanza likiwa ndani ya mabano na la aliyeihamisha likiwa nje. Jenasi hii imo katika familia ya Icmadophilaceae, oda ya Pertusariales, ndani ya kundi kubwa la kuvu za Ascomycota. Kumbuka kwamba, kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za kutoa majina, jina la kuvumwani ni jina la kuvu aliyemo. Mwani aliyemo, ambaye hapa ni wa kijani wa jenasi ya Trebouxia, ana jina lake mwenyewe.

Mwaka 1937 mkemia wa Japani Yasuhiko Asahina, mtu ambaye mchango wake katika kemia ya kuvumwani hauna kifani, aliona kuwa sampuli zinazofanana kabisa kwa umbo zina kemia mbili tofauti, akazitenga zile zenye asidi skwamatiki na beomisesiki kwa jina la Thamnolia subvermicularis. Mwaka 1963 William Culberson wa Marekani alionyesha kwamba kuna jina la zamani zaidi, lililotolewa na mtaalamu wa mimea Ehrhart, ambalo lina haki ya kutumika kwa kundi hilo, na hapo likapatikana jina la Thamnolia subuliformis (Ehrh.) W.L. Culb. Kuanzia wakati huo wataalamu waligawanyika. Baadhi walitambua spishi mbili, na wengine wakasema ni spishi moja yenye tabia mbili za kemia, wakaandika vermicularis kwa zote. Kwa hiyo unapokutana na jina T. vermicularis katika orodha iliyochapishwa kabla ya mwaka 2018, huwezi kujua maana yake mpaka ujue mwandishi alikuwa upande gani.

Mgogoro huo ulianza kutatuliwa mwaka 2009, pale uchambuzi wa DNA ulipoonyesha kwamba makundi mawili ya kemia hayaundi koo mbili tofauti. Mwaka 2017 watafiti walichambua sampuli 253 kutoka sehemu mbalimbali za dunia na kupata koo tatu zilizo imara, na mwaka uliofuata koo hizo zilipewa hadhi ya spishi. Ya kwanza ni Thamnolia vermicularis kwa maana finyu (yaani jina likihusu ukoo huu pekee), ambayo inapatikana katika milima ya Alps, Tatra na Carpathia ya magharibi tu, nayo hutoa asidi thamnoliki peke yake. Ya pili ni Thamnolia subuliformis kwa maana finyu, iliyotawanyika kaskazini na kusini ya dunia, na ndani yake zimo kemia zote mbili: baadhi ya sampuli zina asidi thamnoliki na nyingine zina asidi skwamatiki pamoja na beomisesiki. Ya tatu ni Thamnolia tundrae, spishi iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018, ambayo inaishi katika tundra ya aktiki ya Eurasia hadi Visiwa vya Aleutian, na hutoa asidi skwamatiki na beomisesiki. Weka maelezo haya matatu karibu nawe, kwani hatua zote zinazofuata zinarudi kwake.

Hatua ya pili: okota kwa uangalifu na andika mahali kwa usahihi

Kabla ya kwenda uwanjani hakikisha una kibali cha kukusanya, na kama sampuli zitavuka mpaka kwa ajili ya uchambuzi wa vinasaba, zingatia Itifaki ya Nagoya, ambayo ilianza kutumika mwaka 2014 na ambayo inahusu upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa faida zake. Katika nchi zilizojiunga nayo, kibali cha kuokota pekee huenda kisitoshe.

Tafuta Thamnolia mahali palipo wazi, penye upepo, hasa kwenye matuta ambayo theluji hupeperushwa wakati wa baridi. Hukaa kati ya mosi, nyasi fupi na kuvumwani nyingine. Kwa kuwa haijashikamana na udongo, inaokotwa kwa vidole bila kisu. Chukua vijiti vichache tu na uache vingi, maana spishi hizi huongezeka karibu wakati wote kwa vipande vya mwili vinavyovunjika na kuchukuliwa na upepo, maji au wanyama. Kundi ulilolimaliza halitarudishwa na mbegu zilizofichwa udongoni. Vyombo vya kutolea spora kwa njia ya kijinsia havijulikani katika jenasi hii.

Katika eneo moja kemia mbili zinaweza kukua zikichanganyika kiasi kwamba mikono yako inaokota zote mbili ndani ya kiganja kimoja. Kwa hiyo usikusanye fungu moja kubwa na kuliita sampuli moja. Chukua vijiti kutoka sehemu tofauti za eneo, weka kila fungu dogo katika bahasha yake, na baadaye pima kila kijiti peke yake. Mtu anayesaga vijiti kumi pamoja na kupata asidi zote tatu atafikiri amegundua kemia mpya, kumbe amechanganya vijiti vya kemia mbili.

Kwenye bahasha andika nchi, mkoa, jina la mahali, latitudo na longitudo kwa mfumo wa WGS84 (ule unaotumiwa na GPS), mwinuko kutoka usawa wa bahari kwa mita, aina ya udongo na mwamba, mimea iliyopo, tarehe, jina la mwokotaji na namba yake. Mwandiko uwe wa penseli au wino usiofutika kwa maji. Kwa jenasi hii mahali ni sehemu ya utambuzi wenyewe. Lebo inayosema tu "Siberia" au "Ulaya" itakunyima jibu hata kama maabara yako ni bora.

Kausha sampuli kwa hewa ya kawaida ndani ya karatasi, si ndani ya plastiki, na usitumie joto kali. Kabla ya kuingiza sampuli katika hebaria, yaani hifadhi ya sampuli zilizokaushwa, igandishe katika nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri kwa wiki moja hivi, ili wadudu wasiingie nayo. Tenga kipande kidogo kilicho safi kwa ajili ya DNA tangu mwanzo, kabla kemikali yoyote haijakigusa.

Hatua ya tatu: thibitisha kwamba ni Thamnolia

Tazama kijiti kwa lenzi ya mkono, kisha kikate kwa wembe kuvuka upana wake. Thamnolia ni nyeupe kama chaki, ina uwazi ndani toka chini hadi juu, unene wake kwa kawaida ni wa milimita 1 hadi 3, na urefu wa sentimita chache. Huwa haina matawi au ina machache, na sehemu ya chini hufa na kuoza huku ncha ikiendelea kukua. Haina magamba madogo chini yake, na haina unga wa kuzalia juu ya ngozi yake.

Kuvumwani inayoweza kukudanganya zaidi ni Siphula ceratites, ambayo ni jamaa yake wa familia moja, nyeupe vilevile, lakini imejaa ndani na ina nyuzi mfano wa mizizi zinazoishikilia katika udongo wenye maji. Mkato mmoja wa wembe unamaliza swali. Spishi kadhaa za Cladonia nazo zina vijiti vyenye uwazi, ila nyingi zina rangi ya kijani, kijivu au kahawia, au manjano iliyofifia inayotokana na asidi usniki, na nyingi huonyesha magamba au vikombe mahali fulani. Dactylina arctica ni nene zaidi, imevimba mfano wa kidole, na rangi yake inaelekea manjano au kahawia.

Usipoteze muda kujaribu kutenganisha spishi tatu za Thamnolia kwa urefu, unene au mkao wa vijiti. Waandishi wa zamani walitumia tabia hizo, na wengine walitoa majina kwa vijiti vilivyonenepa au vilivyolala, lakini uchambuzi wa mwaka 2017 haukupata umbo lolote linalolingana na koo. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu vitabu vingi vya uwanjani bado vina sentensi za namna hiyo.

Hatua ya nne: pima kwa taa na matone

Vipimo vya rangi vilianzishwa na William Nylander mwaka 1866, naye alitumia potasiamu haidroksaidi na kemikali yenye klorini. Leo tunatumia taa ya miale ya urujuanimno na matone ya aina mbili au tatu, na kwa Thamnolia vipimo hivi vinatosha kukuambia kemia ya kijiti katika muda wa dakika chache.

Anza na taa, maana haiharibu sampuli. Tumia taa ya urefu wa wimbi wa nanomita 365 au karibu na hapo, ndani ya chumba chenye giza, ukiwa umevaa miwani inayozuia miale hiyo. Vijiti vyenye asidi skwamatiki hung'aa weupe au manjano iliyofifia, wakati vile vya asidi thamnoliki hubaki vyeusi au vya kufifia. Ukitandaza sampuli nzima kwenye trei, utaona mara moja kama ni mchanganyiko. Hapo vitenge vijiti katika mafungu mawili kabla hujaendelea. Kwa kazi ya hebaria yenye mamia ya bahasha, taa hii peke yake itakuokolea siku nyingi.

Kisha tumia tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, ambayo wataalamu huiandika kwa herufi K. Weka tone dogo sana kwa kijiti cha kioo juu ya kipande kilichokatwa, si juu ya sampuli nzima. Asidi thamnoliki hutoa manjano kali, ya wazi. Asidi beomisesiki hutoa manjano hafifu ambayo mtu asiyezoea anaweza kuidhania kuwa si kitu. Kama una sampuli mbili zinazojulikana tayari, zipime kando ya yako ili jicho lipate kulinganisha, kwani tofauti kati ya manjano kali na manjano hafifu haielezeki vizuri kwa maneno.

Kipimo cha tatu ni cha parafenilenidiamini, kinachoandikwa kwa herufi P, ambacho Asahina alikiingiza katika taaluma hii katika miaka ya 1930. Kemikali hii hushikana na kundi la aldehidi katika molekuli na kutoa rangi. Asidi thamnoliki ina kundi hilo, nayo huenda kwenye manjano iliyokolea hadi chungwa. Asidi beomisesiki pia inalo, nayo hutoa manjano. Asidi skwamatiki hainalo: mahali pa aldehidi ya beomisesiki, skwamatiki ina kundi la kaboksili, na kwa hiyo haibadiliki. Kwa sababu makundi yote mawili ya kemia yatatoa rangi, kipimo cha P hakitenganishi Thamnolia vizuri kama K na taa. Kama huna haja nacho, kiache, kwa kuwa parafenilenidiamini ni sumu, huchochea mzio mkali wa ngozi na huchafua kila inachogusa. Ukilazimika kuitumia, tengeneza myeyusho wa Steiner, ambao hudumu kwa wiki kadhaa: gramu 1 ya parafenilenidiamini, gramu 10 za sodiamu salfaiti, mililita 100 za maji na matone machache ya sabuni ya maji. Vaa glavu na ufanye kazi penye hewa.

Ipo dalili nyingine ambayo watu wa hebaria wanaijua vizuri: sampuli za asidi thamnoliki huelekea kugeuka rangi ya waridi iliyofifia zikikaa miaka mingi, na zile za asidi skwamatiki hubaki nyeupe. Ichukue kama fununu inayokuelekeza, usiiandike kama matokeo.

Hatua ya tano: hakikisha kwa kromatografia

Matone hukuambia kundi, ilhali kromatografia ya tabaka jembamba hukuonyesha kila asidi mahali pake, na bila hiyo hupaswi kuchapisha maelezo ya kemia. Utaratibu unaofuatwa duniani kote uliwekwa na Chicita Culberson na Hörður Kristinsson mwaka 1970.

Chukua kipande cha kijiti kimoja cha urefu wa milimita 5 hadi 10, kiweke katika kichupa kidogo cha kioo, ongeza matone machache ya asetoni na usubiri dakika kadhaa. Asidi za kuvumwani hukaa nje ya nyuzi za kuvu kwa umbo la fuwele, kwa hiyo asetoni huzitoa bila kukisaga kijiti, na kipande chenyewe kinaweza kukaushwa na kurudishwa kwenye bahasha. Kwa mrija mwembamba wa kioo, weka doa juu ya bamba la silika, liache likauke, na urudie mara chache mahali palepale ili doa liwe na nguvu. Madoa yawe katika mstari mmoja, sentimita moja na nusu hadi mbili kutoka ukingo wa chini.

Pembeni mwa sampuli zako weka vidhibiti. Atranorini na asidi nostiktiki hutumika kama alama za kawaida za kupimia umbali, lakini kwa kazi hii unahitaji zaidi kuvumwani ambazo kemia yake ni ileile unayoitafuta. Dibaeis baeomyces, ambayo nayo ni ya familia ya Icmadophilaceae, ina asidi beomisesiki na skwamatiki, na kwa asidi thamnoliki unaweza kutumia Cladonia digitata au Imshaugia aleurites. Ninapendelea njia hii kuliko kutegemea namba za umbali zilizochapishwa, kwa sababu unyevu wa hewa, joto la chumba na aina ya bamba hubadilisha namba hizo, wakati kidhibiti kilichotembea juu ya bamba lilelile hakikudanganyi.

Tumia walau miyeyusho miwili. Myeyusho A ni toluini sehemu 180, dioksani sehemu 45 na asidi asetiki sehemu 5. Myeyusho C ni toluini sehemu 170 na asidi asetiki sehemu 30. Fomula za awali zilitumia benzini, ambayo iliachwa kwa kuwa husababisha saratani. Dioksani nayo si salama kuivuta, hivyo kazi yote ifanyike ndani ya kabati lenye kuvuta hewa. Myeyusho ukishapanda sentimita 10 hivi kutoka madoa yalipoanzia, toa bamba, likaushe, litazame chini ya taa ya urujuanimno na uzungushie kila doa kwa penseli. Kisha linyunyizie asidi salfuriki ya asilimia 10, na ulipashe joto la nyuzi 110 za Selsiasi mpaka rangi zitokee.

Matokeo unayoyatarajia ni ya aina mbili. Ama utaona asidi thamnoliki, ambayo fomula yake ni C19H16O11, ama utaona jozi ya asidi skwamatiki, C19H18O9, na asidi beomisesiki, C19H18O8. Zote hizi ni depsidi, yaani pete mbili za kunukia zilizounganishwa kwa kifungo cha esta, na zote hutengenezwa na kuvu, mwani akichangia sukari inayomlisha. Linganisha fomula za jozi ile ya pili utaona kwamba zinatofautiana kwa atomi moja tu ya oksijeni, ile inayogeuza aldehidi kuwa kaboksili, ndiyo maana huonekana pamoja katika kijiti kimoja. Ukipata thamnoliki pamoja na jozi hiyo katika doa la kijiti kimoja, rudia kazi kwa kipande kipya kabla ya kuamini.

Hatua ya sita: soma kemia juu ya ramani

Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa, na hapa ndipo makosa mengi yamo katika hazina za data. Katika miaka ya 1960 Masami Sato wa Japani alilinganisha uwiano wa kemia mbili katika sampuli za sehemu nyingi za dunia, na ilijulikana kuwa asidi thamnoliki imetawala kusini mwa dunia huku kaskazini zote mbili zikichanganyika. Takwimu hizo bado zina thamani kubwa kama takwimu za kemia. Haziwezi kusomwa kama ramani za spishi.

Chukua matokeo yako na ujiulize kwanza sampuli imetoka wapi. Kama ina asidi thamnoliki na imetoka New Zealand, Australia, Andes, Himalaya, Skandinavia au Amerika Kaskazini, basi ni T. subuliformis, kwa sababu T. vermicularis kwa maana finyu haijulikani kutoka huko na T. tundrae haitoi asidi hiyo. Wengi hushtuka hapa, kwani kwa kanuni ya zamani sampuli zote hizo zingeitwa vermicularis. Kama ina asidi skwamatiki na beomisesiki na imetoka Alps au Carpathia, jina tena ni T. subuliformis. Asidi thamnoliki katika tundra ya Siberia nayo inaelekeza huko huko.

Zinabaki hali mbili za shaka. Sampuli ya asidi thamnoliki kutoka Alps, Tatra au Carpathia ya magharibi inaweza kuwa T. vermicularis au T. subuliformis, na hakuna tone wala taa itakayokuambia ni ipi. Vivyo hivyo, sampuli ya asidi skwamatiki na beomisesiki kutoka tundra ya Eurasia au Visiwa vya Aleutian inaweza kuwa T. tundrae au T. subuliformis. Hizi mbili zinahitaji DNA.

Mtawanyiko huu una sababu zinazoeleweka kwa sehemu. Mgawanyiko wa koo tatu ni wa zamani kuliko kilele cha enzi ya barafu iliyopita. T. vermicularis, yenye tofauti ndogo sana za kijenetiki ndani yake, inaonekana kuwa ilinusurika katika maeneo ya kujikinga na barafu karibu na milima inapokaa leo, na T. tundrae huenda ilinusurika kwenye pwani zisizofunikwa na barafu karibu na eneo lake la sasa. T. subuliformis imechukua njia nyingine: dalili za kijenetiki zinaonyesha kwamba ilitokea kaskazini mwa dunia, ikapungua sana, kisha ikapanuka katika kipindi cha karibuni. Hata mwani wake ni ushahidi. Koo mbili zenye maeneo finyu zilikutwa na Trebouxia simplex kwa maana pana peke yake, wakati T. subuliformis ilikutwa na koo nne za Trebouxia, tatu kati yake zikiwa zinatumiwa na kuvumwani nyingine pia. Kuvu asiyechagua sana mwenzake ana nafasi nzuri zaidi ya kukaa anapofika, ingawa mimi nisingesema kwamba hilo peke yake ndilo lililomfikisha kusini mwa dunia.

Unapotumia rekodi za hifadhidata kama GBIF, inayokusanya rekodi za viumbe duniani kote, kuchora ramani, usipakue nukta zote za T. vermicularis na kuziweka kama zilivyo. Gawa rekodi katika mafungu matatu: zenye DNA, zenye kemia iliyoandikwa, na zenye jina tu. Fungu la kwanza na la pili unaweza kulisoma kwa kanuni za hatua hii. Fungu la tatu lichore kwa alama tofauti, chini ya jina la Thamnolia vermicularis kwa maana pana (yaani bila kutenganisha spishi tatu), na ulieleze hivyo kwenye ufunguo wa ramani. Angalia pia mahali ambapo latitudo na longitudo zimewekwa katikati ya nchi au mkoa kwa kukosa taarifa, maana nukta ya bondeni kwa kuvumwani ya vilele karibu kila mara ni nukta ya namna hiyo.

Hatua ya saba: tumia DNA pale inapohitajika

Sehemu inayotosha kutambua spishi hizi ni ITS, kipande cha DNA kilicho kati ya jeni za ribosomu, ambayo mwaka 2012 ilipendekezwa rasmi kuwa msimbo wa utambuzi wa kuvu kwa ujumla. Tumia praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) ITS1F na ITS4. Ya kwanza huelekea kushika kuvu na kuacha mwani, jambo la lazima katika mwili wenye viumbe wawili. Kipande cha milimita chache kilichosafishwa chini ya darubini kinatosha. Ondoa vipande vya kuvumwani nyingine na madoa meusi, kwani kuvu vimelea hukaa juu ya Thamnolia na mara nyingine husomwa badala yake.

Ukipata mfuatano wa herufi za DNA, usichukue jina la kwanza linalotokea katika utafutaji wa GenBank, hifadhidata ya mifuatano ya DNA, kwa kuwa mifuatano mingi iliwekwa humo kabla ya mwaka 2018 kwa majina ya zamani na haijarekebishwa. Pakua mifuatano iliyotumika kuzitambulisha spishi tatu, iunganishe na yako, na uone mfuatano wako unaangukia tawi gani la mti. Kama unataka pia kumjua mwani, fanya usomaji wa pili kwa praima za mwani, na uandike matokeo yake kando, usiyachanganye na jina la kuvu.

Hatua ya nane: andika lebo na maelezo

Lebo ya utambuzi ibebe jina kamili pamoja na waandishi wake, kemia iliyopatikana na njia iliyotumika kuipata, namba ya mfuatano kama upo, jina la aliyetambua na mwaka. Mfano mzuri ni huu: "Thamnolia subuliformis (Ehrh.) W.L. Culb., kwa maana finyu. Asidi thamnoliki kwa kromatografia, miyeyusho A na C." Usiondoe lebo ya zamani hata kama imekosea. Iache ndani ya bahasha na uongeze yako, ili anayekuja baadaye aone historia ya jina.

Katika maelezo yaliyochapishwa, tenga kemia ya kila sampuli katika jedwali badala ya kuandika kwa ujumla kwamba spishi "ina asidi thamnoliki au skwamatiki". Anayetaka kujua kama kemia hizo mbili zinafuata mwinuko, udongo au hali ya hewa ndani ya T. subuliformis atahitaji jedwali hilo. Na kwa zile sampuli za Alps au tundra ambazo hazijasomwa DNA, andika Thamnolia vermicularis kwa maana pana, pamoja na kemia yake, kisha hifadhi kipande cha DNA katika bahasha ndogo ndani ya ile kubwa, kikiwa na namba ileile, mpaka fedha au maabara ipatikane.